Mazoezi ya Kwenda Kitulo

Sakafu ilianza kuinuka. Ilipanda taratibu, bila kelele, kama unga unaoumuka, mpaka upande mmoja wa ukumbi ukawa mlima na upande wa pili ukawa bonde. Mawe yakachomoza hapa na pale, nyasi za bandia zikasimama, na kutoka kwenye matundu ya ukutani ukavuma upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliolowa. Watu wachache waliokuwa wamesimama katikati wakiegemea fimbo zao wakajikuta wananing'inia kwenye mteremko, wakicheka kwa woga.

Mtambo huo uliitwa zulia-mlima. Chini ya ngozi yake ya mpira palikuwa na maelfu ya nguzo nyembamba, kila moja ikipanda na kushuka kwa amri ya kompyuta, hivyo uliweza kuumba mlima wowote uliokwisha kupimwa duniani. Asubuhi hiyo ulikuwa umeumba njia ya kupandia nyanda za juu za Kitulo, ambako kundi hilo lilikuwa linajiandaa kwenda kutembea maua yatakapochanua wakati wa masika.

Jiji la Mbeya lilihitaji mtambo wa namna hiyo kwa sababu watu wake walikuwa wamesahau kutembea. Tangu ijengwe mitelezo, yaani njia za miguu zinazojisogeza zenyewe, mtu aliweza kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa, akanunua mchele, akapita kanisani na kurudi nyumbani bila kuinua unyayo. Ndipo zikazuka kampuni za likizo za miguu. Wazee waliliona jambo hilo kuwa kichekesho, kwamba mtu mzima anatoa fedha yake ili achoshwe.

Aliyekuwa mbele ya wote ni Subilaga. Alipanda kwa hatua zilizolingana, bila kuhema, bila kusimama kunywa maji. Nyuma yake Bi Nyamizi, mfanyabiashara wa vitenge aliyehamia Mbeya kutoka Tabora, alikuwa amekaa juu ya jiwe la mpira akitangaza kwamba pumzi zake alizopewa na Mungu zimeishia hapo. Nyuma kabisa alikuja Anyosisye, mume wa Subilaga, mwalimu wa jiografia, uso umelowa jasho. Hakuwa akitazama njia. Alikuwa akiutazama mgongo wa mkewe.

Kiongozi wa kundi, mwanamke mfupi mkakamavu aliyeitwa Tusajigwe, mzaliwa wa Matamba, aliisifu miguu ya Subilaga mbele ya wote. Alisema katika makundi yote aliyoyaongoza hajaona mwanafunzi wa namna hiyo. Subilaga aliitikia kwa kichwa. Sifa ile ilimpita kama matangazo ya stesheni yanavyompita mtu asiyesafiri.

Kila zoezi lilimalizika kwa ukaguzi wa miguu. Mlima ulishuka ukawa sakafu tena, wakaketi kwenye mabenchi, na Tusajigwe akapita na beseni la maji ya chumvi akimwambia kila mmoja avue viatu. Alipofika kwa Subilaga aliliweka beseni chini. Soksi ilikuwa imegeuka rangi kwa damu. Alipoivuta taratibu, ukucha wa kidole gumba ulikuja nayo, na nyuma ya kisigino ngozi ilikuwa imechunika mpaka kwenye nyama. Bi Nyamizi aligeuza uso. Subilaga aliuinamia mguu ule akautazama kama anayetazama kiatu cha mtu mwingine.

"Umeanza kuumia lini, dada?" Tusajigwe aliuliza.

"Sijui."

Kiongozi aliupeleka mkono wake nyuma ya sikio la Subilaga, akapapasa, akakuta chini ya ngozi kitu kigumu kama punje ya kunde, chenye uvuguvugu.

"Unavaa kituliza."

"Ninakitengeneza," Subilaga akajibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Subilaga alikuwa mhandisi wa neva, na kituliza kilikuwa kazi ya maisha yake. Yeye na wenzake walikuwa wamekibuni kwa ajili ya watu walioungua moto, ili wapate kuoshwa vidonda bila kupiga mayowe. Baadaye wakagundua jambo ambalo bibi zetu walilijua bila mashine yoyote: kwamba uchungu wa moyo na maumivu ya mwili ni majirani, wanapita njia moja kwenda kwenye ubongo. Ukiiziba njia hiyo, unawazuia wote wawili. Wafiwa wakaanza kuja. Kwanza mmoja mmoja, kisha kwa foleni. Mtu alipachikwa punje yake asubuhi, mchana akaenda kuzika, na kesho yake akawahi kazini.

Subilaga mwenyewe alipachikwa siku ya mazishi ya mwanawe, Ipyana, aliyefariki kwa maradhi ya damu kabla hajaanza shule. Anyosisye naye alipachikwa siku hiyo hiyo, kwenye kiti cha pembeni yake. Walikwenda makaburini wameshikana mikono, wakatupa udongo, wakarudi nyumbani wakala pilau.

Tusajigwe aliufunga mguu kwa bendeji, kisha akaeleza bila ukali kwamba kwenye safari zake hapandi mtu mwenye kituliza. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo kwenye tangazo, ila labda dada hakulisoma. Msimu uliopita alimshusha mwanamume mmoja aliyekuwa ametembea kutwa na mguu uliovunjika, akisimulia hadithi na kuwachekesha wenzake, mpaka mfupa ukatokeza nje. Mguu ule ulikatwa.

"Kule juu hakuna mtelezo," alisema. "Maumivu ndiyo yanayonipa habari. Usipoumia wewe, mimi ninaongoza gizani."

Kwa hiyo alimpa nafasi ya kuchagua. Akizime kituliza sasa, maana neva huchukua majuma kadhaa kuamka, au abaki mjini.

Subilaga alichagua kubaki. Hakuona la kujadili. Jioni, jua likiwa bado linawaka juu ya Mlima Loleza, alimwambia mumewe jikoni kwamba yeye aende peke yake, kwani lengo la likizo ni kupumzika na yeye hajachoka. Anyosisye alikuwa akimenya ndizi. Aliendelea kumenya.

"Tangazo nililisoma mimi," akasema. "Nililisoma mara nyingi. Ndiyo sababu nikachagua kampuni hii."

Subilaga hakuelewa. Anyosisye akakiweka kisu chini, akamsogelea, akauchukua mkono wa mkewe na kuuweka nyuma ya sikio lake mwenyewe. Vidole vya Subilaga viliijua kazi yao. Kituliza kinachofanya kazi huwa na uvuguvugu daima, kwa sababu ya umeme unaopita. Hiki kilikuwa baridi kama kokoto ya mtoni.

"Tangu lini?"

"Unaikumbuka ile wiki niliyoumwa homa?"

Aliikumbuka. Ilikuwa ni kipupwe. Anyosisye alikuwa amejifunika gubigubi, akitetemeka, macho yamevimba, hawezi kusema. Subilaga alimpikia uji, akauweka kando ya kitanda, akamwambia anywe maji mengi, kisha akaenda zake kazini. Jioni alikuta uji umeganda. Akaumwaga, akapika mwingine.

"Haikuwa homa, Mama Ipyana."

Akasimulia kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayerudia somo kwa mtoto mmoja baada ya wengine kutoka. Siku moja alipita chumbani kwa mtoto akaona vumbi juu ya kitanda, na kitu pekee kilichomjia akilini ni kwamba panahitaji kufagiliwa. Alisimama pale mlangoni akingoja wazo la pili. Halikuja. Kesho yake alikwenda kwenye zahanati akaomba kizimwe. Alitaka kumwambia mkewe, akashindwa, kwa sababu alijua atamjibu vizuri, kwa upole, kitaalamu. Hakuutaka upole huo. Akatafuta safari ambayo mtu mwingine ndiye angemwambia akizime.

"Nimekaa matanga peke yangu," akasema. "Na mwenzangu yumo humu humu ndani."

Subilaga aliyasikia maneno hayo yote. Alijua ni maneno mazito, kama vile mtu asomaye maandishi ya chupa anavyojua kwamba ndani mna sumu, ingawa ulimi wake haujaigusa. Akatafuta ndani yake mahali ambapo maneno hayo yangetua. Palikuwa pameziba. Yeye ndiye aliyepaziba, na alifanya kazi safi.

Hata hivyo akili yake ilikuwa nzima, na akili ikaanza kupanga mambo. Kulikuwa na jambo alilolijua siku nyingi kutokana na taarifa za wagonjwa: kwamba kituliza hakipunguzi huzuni. Huzuni haichakai ikiwa imezibwa. Inahifadhiwa mbichi, kama nyama kwenye barafu. Anayekizima baada ya mwaka anarudi siku ile ile ya kwanza, saa ile ile. Yeye na wenzake kazini walikuwa wameyajadili hayo mkutanini na kuyapa jina la athari zinazovumilika. Subilaga mwenyewe ndiye aliyelipendekeza jina hilo. Sasa alikumbuka mumewe akitetemeka chini ya blanketi, na bakuli la uji ulioganda, akaelewa kwamba aliiona athari hiyo kwa macho yake na akaipikia uji.

Alikwenda kwenye kabati akatoa kalamu-sumaku, kifaa chembamba cha kuzimia vituliza, akampa mumewe.

"Zima," akasema. "Mimi mwenyewe siwezi kuielekeza sawasawa nyuma ya sikio langu."

Anyosisye aliuliza kama ana hakika. Subilaga akamwambia ukweli, kwamba hakika ni hisia, naye hana. Ila ameona kwamba haki ya mtu haijatendeka ndani ya nyumba hii. Kalamu ikagusa ngozi. Hakikutokea kitu. Wakala ndizi zao.

Majuma yaliyofuata walirudi kwenye zulia-mlima kila Jumamosi. Subilaga alipangiwa miteremko midogo mpaka kidonda kikauke. Nyumbani alijichunguza kama alivyozoea kuwachunguza wagonjwa. Kilichorudi kwanza ni pilipili. Halafu maji ya baridi asubuhi. Halafu misuli ya mapaja ilianza kumlalamikia akipanda, naye akaanza kuhema kama wenzake, na Bi Nyamizi akamkaribisha kwenye jiwe lake kwa furaha kubwa. Lakini lile alilolingojea halikuja. Aliingia chumbani kwa mtoto, akakaa kitandani, akatoka. Kila akirudi sebuleni alimkuta Anyosisye amewasha redio na kuipunguza sauti, kama mtu anayengoja kuitwa.

Siku moja alimwambia mumewe kwamba huenda amekaa na kituliza mno na neva zake zimekufa. Alilisema hilo kwa utulivu. Anyosisye alijibu kwamba hata hivyo wataenda, kwani maua hayamngoji mtu. Usiku huo alilala amempa mkewe mgongo.

Tusajigwe akampima Subilaga kwa sindano kwenye nyayo, akaridhika, akamruhusu.

Asubuhi ya safari kundi lilikusanyika kwenye uwanja wa kampuni. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Gari la kuwapeleka mpaka chini ya mlima lilikuwa limefunguliwa nyuma, na Tusajigwe alikuwa akiinua mkoba mmoja baada ya mwingine kwa mkono, akiwaamuru watu watoe walivyojaza kupita kiasi. Kwa Bi Nyamizi alitoa pasi. Watu wakacheka. Bi Nyamizi akajitetea kwamba mwanamke wa Tabora hawezi kuonekana mlimani na kitenge kilichokunjamana, kisha akasogea kwenye benchi alipoketi Subilaga akifunga kamba za viatu.

Alianza kuzungumza habari za wanawe. Mmoja yuko kwenye kituo cha angani anatengeneza mitambo, haji nyumbani. Wa pili yuko Tabora, wa tatu ndiye kichwa maji. Alipomaliza wa kwake, akauliza kama wanawake wote wanavyoulizana wakiwa safarini, bila nia yoyote mbaya:

"Na wewe mwenzangu, Mungu kakujalia wangapi?"

Anyosisye, aliyekuwa akipakia fimbo garini, aligeuka haraka. Swali hilo Subilaga alikuwa ameulizwa mara nyingi tangu mazishi. Alikuwa na jibu lake, na kila mara alilitoa kama anayetaja mtaa anaokaa: mmoja, alifariki.

"Mmoja," akasema. "Anaitwa Ipyana. Ana—"

Mdomo ukakataa kuendelea. Alijaribu tena, akasikia sauti inatoka kifuani mwake ambayo hakuitambua, nzito na mbaya, kama ya mnyama aliyenaswa. Kamba ya kiatu ilimponyoka. Bi Nyamizi akaelewa kabla hajaambiwa. Alivua kitenge chake akamtandazia Subilaga mabegani, huku akisema pole, mama, pole, mwanangu, pole. Dereva alizima injini.

Tusajigwe alitazama anga, akawaambia watu waketi, safari itaondoka itakapoondoka.

Anyosisye alikuja akapiga magoti kwenye tope mbele ya mkewe. Wanaume wa kwao hufundishwa la kusema saa kama hiyo: nyamaza, jikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Hakusema hata moja. Aliishika mikono miwili ya mkewe, naye mwenyewe akaanza kulia upya, kwa sauti, kwa mara ya kwanza akiwa na mtu wa kulia naye.