Nyasi za Mama Combs

Kiwanja cha kuegesha magari nyuma ya maktaba kilijaa tangu saa mbili asubuhi. Kila mtu wa Louisville aliyezidiwa na bustani yake alikuwa pale na ndoo, mifuko na maboksi, akitafuta wa kubadilishana naye. Marit Halvorsen, koti la mvua la manjano na mabuti mekundu ya mpira, alikuwa amebakiwa na ndoo moja ya miche ya maua.

"Miche hii unaigawa, au unairingia tu?"

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati la miraba, magoti yamejaa tope, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Nawagawia wenye adabu."

"Basi nimekosa. Orrin Combs, mtu wa milimani mashariki. Adabu tuliziacha hukohuko."

Akachagua miche mitatu, akaiweka kwenye boksi lake. "Nitaitunza," akasema. Basi! Hata asante hakuna. Marit alizaliwa Minnesota, ambako mtu humshukuru hata aliyemkanyaga, akabaki kumtolea macho.

Kisha Orrin akafungua buti la gari, akatoa pande la nyasi za mapambo lililofungwa kwa gazeti bichi. "Zikikua zinakupita kimo. Zilikuwa za mama, Mungu amrehemu. Ziko kwangu tu, na leo kwako."

"Jamani! Asante! Asante sana!"

Uso wa Orrin ukasinyaa kana kwamba amepigwa kofi. Akafunga buti, akamwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi, akaondoka. Marit akasimama na tope lake mikononi. Nimemkosea nini huyu?

Jioni akampigia. Orrin hakungoja hata salamu.

"Mama hajambo?"

"Mama yangu? Hajambo, ila goti linamsumbua."

"Si wako, mpenzi... aa, samahani, neno limeniponyoka. Namuulizia wangu. Zile nyasi."

"Limeponyoka lipi?"

"Hilohilo ulilolisikia."

Marit akacheka mpaka akakaa sakafuni. Wakapendana, wala sitawazungusha. Simu kila jioni, chakula kila Jumapili. Lakini mwanamume huyu alimchanganya akili! Ukimpikia pai ya tufaha anashukuru mara mbili, ukimfungulia mlango anashukuru. Ukimpelekea mche, kimya, anaupokea kama anayekudai. Na kila siku: mama hajambo?

Ukweli ni kwamba mama alikuwa na jambo. Wiki ya tano ilipita na zile nyasi zilikuwa kahawia vilevile, kama ufagio uliochakaa. Marit alikuwa mtu wa maua, nyasi hakuwahi kuotesha maishani. Akamwendea Bi Odessa, mwandalizi wa yale mabadilishano, mama mwenye kofia pana kuliko mwavuli.

"Alipokupa, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia asante. Kwani?"

"Ulimwambia nini? Mungu wangu, mtoto wewe! Huku mmea haushukuriwi. Ukiushukuru unakufa."

"Bi Odessa, na wewe unaamini hayo?"

"Siamini. Ila siwezi kuthubutu."

Marit akarudi nyumbani. Hajakaa, simu ikalia.

"Mpenzi, mvua hizi zimefanya uani kwangu bwawa," Orrin akasema, sauti imekauka. "Zangu zimeoza zote, mpaka mizizi. Bahati uko wewe. Jumamosi nije nichukue kipande. Anaendeleaje?"

"Amechipua vizuri mno," mdomo ukajibu kabla ya mwenyewe.

Alipokata simu akajiona mchawi. Jumatano hakupokea simu, Alhamisi hakupokea. Ijumaa ukaja ujumbe: *Kama kuna mwingine, niambie tu.* Mwingine gani tena? Akalia, asijue analilia nyasi, uongo, au yule bwana.

Jumamosi Orrin akasimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, macho hayacheki.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo mwanamume."

"Orrin, hakuna mwanamume! Nimemuua mama yako!"

Akayamwaga yote, asante na uongo pamoja. Orrin akajishika kichwa.

"Kumbe ndiyo hayo? Marit, siku ile roho ilinipasuka. Nikaona haya kumwambia mwanamke mzuri vile kwamba jitu zima kama mimi naogopa asante. Yuko wapi?"

Wakaenda uani. Orrin akapiga magoti na shati lake jeupe, akatenganisha mabua makavu moja moja. Alikawia mno.

"Njoo uone."

Chini kabisa, chipukizi moja. Halikufika hata urefu wa ukucha, lakini lilikuwa la kijani.

"Hizi husubiri joto," Orrin akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Nilisahau kukwambia. Mwezi wa tisa nitachukua kipande kidogo."

"Kipande cha nini, cha chipukizi moja? Umkate afe kabisa? Hata mimi najua huyu haguswi miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Na mimi niishi vipi, mama yangu yuko huku?"

"Njoo uishi huku." Marit akapiga magoti kando yake. "Sikugawii, Orrin. Ukimtaka, utuchukue wote wawili, mimi na yeye."

Orrin akamtazama, sasa zamu yake kuchanganyikiwa. "Wewe mwanamke, unaniposa?"

"Sijui! Tangu mwezi wa nne sijui lolote. Nijibu kabla sijaona haya."

Orrin akapangusa tope kwenye shati jeupe, akamshika mikono yote miwili.

"Nimekubali," akasema.