Moto Marufuku

Kila asubuhi Bi Malsun alianza na kibaraza. Alipiga magoti, akakipangusa ubao kwa ubao kwa tambara la maji, mpaka kikang'aa. Kisha akaujaribu mlango. Umefungwa. Vizuri. Akashuka zake, akarudi kwenye kichumba cha saruji kando ya lango, akapasha supu ya jana kwenye jiko la umeme.

Nyumba aliyoipangusa ilikuwa ya udongo, imeezekwa kwa majani ya mpunga. Ni yake, lakini alikuwa haishi tena ndani. Humo alimzaa mwanawe wa pekee, Hyejin. Humo mumewe, Mzee Bongchul, alikata roho, katika chumba cha magharibi, mgongo wake ukiwa juu ya sakafu yenye joto. Kabla ya kufa alimshika mkono mkewe.

"Mama Hyejin, nyumba usiiache ianguke," alisema. "Kila mwaka siku ya tambiko langu nitakuja kula. Nisipoiona, nitapotea njia."

"Utaikuta," Bi Malsun alimjibu. Na ahadi ni deni.

Mwaka uliofuata, wilaya iliiingiza nyumba ile katika mradi wa kulinda majengo ya kale. Fedha za umma ndizo zilizolipa kazi. Mafundi waliezua paa na kuezeka upya, wakabadilisha nguzo mbili, wakakandika kuta. Walipomaliza walipiga picha, wakapigilia kibao juu ya mlango wa jikoni, wakaondoka.

Bi Malsun alisimama chini ya kile kibao. Utotoni hakupelekwa shule. Herufi alijifunza uzeeni, mvi tupu kichwani, katika darasa la akina bibi kwenye ukumbi wa kijiji. Sasa maandishi mekundu yalikuwa mbele yake, makubwa. Aliyatamka taratibu. Mo-to. Ma-ru-fu-ku.

Moto marufuku! Kayasoma mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu. Alimpigia simu Hyejin huko Busan.

"Mwanangu, leo mama yako kasoma kibao cha serikali!"

Na kwa kuwa alikuwa amesoma, alitii. Tangu siku ile hakuwasha jiko la nyumba. Tena jiko lenyewe si la kupikia tu. Moto huwaka jikoni, moshi wake hupita chini ya sakafu ya mawe na kukipasha chumba, kisha hutokea kwenye bomba la nyuma. Jiko likizimwa, nyumba nzima inapoa. Bi Malsun akahamia kwenye kichumba cha saruji, akafunga nyumba kwa kufuli ili isichafuke.

Baridi ilipokaza, jirani yake Mama Deoksu alimjia juu.

"Dada, una wazimu? Sakafu nzuri kama ile, na wewe unalala kwenye kisanduku hiki kama kabichi?"

"Serikali imekataza moto."

"Serikali gani hiyo ya kumkataza bibi kuota moto kwake?"

"Imeandikwa, Mama Deoksu. Ungekuja darasani badala ya kucheza karata, nawe ungeisoma."

Mama Deoksu alinywea. Kusoma alikuwa hajui. Akaenda zake akinung'unika.

Zikaja mvua za majira ya joto, zikanyesha wiki kwa wiki. Asubuhi moja Bi Malsun aliona mstari mwembamba wa udongo umepanda kwenye nguzo ya kibaraza. Akaufuta. Kesho yake upo tena. Akaufuta tena. Alijua fika kuwa si uchafu wa kawaida, lakini woga ulimjaa. Watasema nini wilayani? Watasema wamempa bibi kizee mali ya umma, naye kaiharibu. Basi akawa anafuta na kunyamaza, anafuta na kunyamaza, na usingizi ukampaa.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, wiki chache kabla ya tambiko la mzee, alifika mtu wa mradi. Alikuwa mama wa makamo, anaitwa Pyo Yeonju, mwenye tochi na nyundo ndogo mkobani.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuitazama nyumba."

"Marahaba. Nyumba nzima, mwanangu. Sijaigusa kabisa."

Bi Malsun alifungua kufuli. Harufu ya uvundo iliwapiga usoni. Kuta zilikuwa na ukungu mweusi hadi magotini. Yeonju aliingia chumba cha magharibi, akaigonga nguzo kwa nyundo. Ililia kama boga kavu. Akaibonyeza kwa kidole, na kidole kikazama.

Bi Malsun alikaa chini pale pale mlangoni. Yeonju alimwinua, wakatoka hadi mlango wa jikoni.

"Bibi," Yeonju aliuliza kwa sauti ya chini, "jiko hili uliliwasha mara ya mwisho lini?"

"Kabla hamjakataza."

"Tumekataza? Nani kakataza?"

Bi Malsun alinyoosha kidole juu. Yeonju alikitazama kibao. Kisha akavuta kiti, akapanda, akafuta vumbi sehemu ya chini.

"Bibi, na huu mstari wa pili?"

"Upi? Kuna wa pili?"

Ulikuwapo. Maandishi madogo ya kijivu, kama mayai ya chawa. Yeonju alimsomea: "Kwa wageni wanaotembelea. Mwenye nyumba aendelee kuwasha jiko."

Bi Malsun aliinua macho, akautazama mstari ule.

"Ule wa kwanza nilipouweza," Bi Malsun alisema, "nilifurahi mno. Nikaishia hapo."

"Kosa hili nusu yake ni letu," Yeonju alisema. "Tulitengeneza, tukapigilia kibao, tukaondoka. Hatukukaa na wewe tukazungumza. Sasa nisikilize, bibi. Udongo hunyonya maji kutoka ardhini. Moto ndio unaoukausha. Moshi nao hupenya mpaka kwenye majani ya paa, ukafukuza wadudu. Nyumba ikikosa moto inakuwa mbichi na giza, na mchwa ndiko wapendako. Nyumba hizi hazilindwi kwa kufuli. Zinalindwa kwa kukaliwa."

"Nilikuwa nafuta njia zao. Kila asubuhi."

"Usifute tena. Ukiziona, piga simu siku hiyo hiyo."

"Niliogopa mtasema nimeharibu mali ya serikali."

"Fedha ni za umma, bibi, lakini nyumba ni yako. Anayeuliza mapema hagombezwi."

Bi Malsun aliuliza: "Itapona?"

Yeonju hakumdanganya. "Vyumba viwili na jiko vitapona. Kile cha magharibi, hapana. Tukikiacha, mchwa watahamia kwingine."

"Kile ndicho alichofia mzee."

"Najua, bibi. Pole sana."

Mafundi walikuja, wakakibomoa chumba cha magharibi. Bi Malsun alisimama uani tangu mwanzo hadi mwisho, mikono ameikunja kifuani. Ukuta wa mwisho ulipoanguka alilia kwa sauti, na Mama Deoksu akamshika bega. Hakumtania.

Fundi mmoja aliziba nyufa za sakafu ili moshi usiingie chumbani. Yeonju alimwonyesha Bi Malsun bomba la kusafishwa kila mwaka, akaweka ndoo ya maji karibu na jiko. "Moto usiuache peke yake," alisema. "Siku za jua fungua milango yote, hewa ipite." Kile kibao alikihamishia langoni, na mstari wa pili ukaandikwa upya kwa herufi kubwa sawa na wa kwanza.

Bi Malsun aliwasha jiko. Mwanzoni ulitoka moshi mzito mweupe, kwa jinsi nyumba ilivyolowa. Siku zilivyopita ukungu ulikauka ukapukutika, na harufu mbaya ikaisha. Mama Deoksu alikuja kulaza mgongo wake sakafuni, akapiga mwayo.

"Asiyejua kusoma alikwambia tangu baridi ile, dada."

"Aliniambia," Bi Malsun alikubali. "Sasa aje darasani, tusome mpaka mwisho wa kibao."

Jioni ya tambiko Hyejin alifika kutoka Busan. Waliandaa meza: wali, supu, samaki mkavu, matunda, kikombe cha pombe ya mchele. Bi Malsun alifungua mlango wa mbele, akauacha wazi, akasimamisha kijiko katika bakuli la wali, ishara ya kumkaribisha mzee ale. Upande wa magharibi palikuwa na uwanja mtupu wa udongo. Aliutazama, machozi yakamtoka.

"Karibu, Baba Hyejin," alisema. "Nyumba ipo. Sakafu ina moto. Usiende chumbani kwako, hakipo tena. Nilisoma mstari mmoja, nikauacha wa pili. Unisamehe. Kaa hapa nasi."

Walimngoja mzee ale, mpaka wali ulipopoa. Kisha Bi Malsun akainuka, akaenda jikoni, akaongeza kuni.