Tangi Jeupe la Tham

Tham hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Alifagia ua alfajiri, akafagia tena jua likipanda. Majirani walimtania kwamba hata bata wake hujifuta miguu mlangoni.

Basi Tet, sikukuu ya mwaka mpya, ilipokaribia, Tham alisafisha kila kitu. Alianza na madirisha, akaja kwenye vyungu, akamaliza na madhabahu ya mababu. Kisha akamgeukia Luom, mumewe.

"Na tangi je?"

Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba. Humo vifaranga wa kamba, wadogo kama sindano, hulelewa kabla ya kwenda bwawani. Ndani lilitandikwa turubai jeusi. Zilining'inia pia nyavu kuukuu zenye utando wa kijani.

"Tuingie mwaka mpya na utelezi huu? Mkosi," alisema Tham.

"Kamba hawajui kama ni sikukuu," Luom alimjibu, lakini alimsaidia.

Tham akasugua utelezi wote kwa brashi, kisha wakatandika turubai jipya, jeupe pe. Nyavu na turubai jeusi wakavitupa kwenye rundo la taka. Juu ya tangi wakafunga taa kubwa, iwake usiku na mchana, ili wageni wawaone vifaranga wapya waliotiwa humo.

Vifaranga hao ndio walikuwa tegemeo lao. Waliotangulia walikufa wengi. Luom alikuwa ameshasema, "Na hawa wakifa, naenda Binh Duong, kiwandani." Kaka yake alikwenda huko. Siku hizi watoto wake wanamwona kwenye simu tu.

Siku ya pili ya Tet, Tham alichungulia tangini. Vifaranga walikuwa wamebanana upande mmoja, kwenye kivuli cha ngazi. Wengine walirukaruka. Chini kulikuwa na vichwa visivyo na miili.

Luom akapima maji. Yalikuwa mazuri. Akaingia ndani, akashusha begi lake kutoka juu ya kabati. Tham aliliona begi lile.

Akaenda mbio kwa jirani yake Muoi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha kutotolea kamba. Muoi akaja huku anatafuna mbegu za tikiti.

"Shoga, hili tangi au ukumbi wa harusi?"

"Usinitanie, dada. Luom ameshusha begi."

Muoi akaacha kutafuna. "Zima taa hiyo kwanza. Sikiliza. Kifaranga hujivua gamba kila mara. Akishajivua, mwili unakuwa laini. Hapo anataka kivuli na mahali pa kujishikiza. Hapa kuna nini? Mwanga mkali, na ukuta mweupe unaoteleza. Wote wanakimbilia kona moja. Wenye magamba wanawala walio laini."

"Na ule utelezi niliousugua?"

"Huo ni chakula chao. Na zile nyavu ndizo vyumba vyao."

Tham akakaa juu ya ndoo. "Kwa hiyo nimewaua mimi, na brashi yangu."

"Waliobaki ni wengi. Nyavu ziko wapi?"

Tham akainuka. Taka hazitolewi siku za Tet, bahati isije ikatoka nazo. Rundo lilikuwa pale pale.

"Luom! Njoo!"

Wakaziosha nyavu bila sabuni, wakazianika juani mpaka zikakauka kabisa, ndipo wakazirudisha. Turubai jeusi nalo wakaliosha na kulianika, wakalikata, wakalining'iniza kuzunguka ukuta kwa ndani. Juu wakatandaza wavu wa kivuli.

"Tuwafunike gubigubi?" Luom aliuliza.

"Hapana," Muoi alimjibu. "Wapate mwanga wa mchana, ila usiwe mkali. Ukitaka kuwaona, vuta juu sinia la chakula lililomo majini, utazame."

Kufika jioni vifaranga walikuwa wametawanyika. Kila mmoja alishika uzi wake wa wavu. Baada ya siku kadhaa vichwa vilikoma kuonekana chini. Utando wa kijani ukaota tena, na vifaranga wakautafuna. Walipohamishiwa bwawani, walikuwa wanene, na walikuwa wengi kuliko wa mara iliyopita.

Asubuhi ile Tham alifagia nyumba yote. Akapita tangini, akaona utelezi kwenye nyavu, mkono ukamwasha. Akajizuia, akaingia chumbani. Begi la Luom lilikuwa limerudi juu ya kabati, limejaa vumbi.

Tham akalitazama. Hakulifuta.