Kitasa Kilichotiwa Mafuta

Mlinzi wa ghala la vitambaa alikufa siku ya tatu, hospitalini, bila kufumbua macho. Aliyempiga nondo alikuwa Mrefu, mume wa dada yake Fundi. Na saa ya mkononi ya Mrefu, iliyokatika mkanda katika purukushani ile, sasa ilikuwa ndani ya kabati la Mpelelezi.

ALHAMISI, SAA NNE NA ROBO ASUBUHI

Walikaa watatu katika chumba cha nyuma cha duka la kunyolea. Chumba kilinuka spiriti na nywele za watu. Mbele, redio ilikuwa inavisomea habari viti vitupu. Kinyozi, mwenye duka na mwenye genge, alichovya kidole kwenye povu la sabuni akachora mraba juu ya kioo.

"Jengo la ghorofa moja. Chini duka la rangi, juu ofisi tano. Yake ni ya mwisho, mkono wa kushoto. Kila Alhamisi saa sita na nusu anafunga, anakwenda kumjulia hali mjane wa mlinzi. Anarudi saa nane."

"Mlango mwingine?" Fundi aliuliza.

"Hakuna. Mmoja tu."

"Na kabati?"

"Ufunguo wake unaning'inia nyuma ya kalenda."

"Umejuaje?"

"Mtu akishaniachia shingo yake hanifichi kitu. Ndiyo faida ya wembe."

Mrefu alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hata siku ambazo hakula. "Akili ni nywele, na huyu ndiye anayezikata. Shemeji, tuangalie asije akatunyoa bila maji."

Kinyozi hakucheka. Alifuta kona moja ya mchoro. "Hivi, kati yenu nyinyi wawili, nani alimpiga yule mzee? Mimi nilikuwa kwenye gari. Sikuona."

Fundi alitazama sakafu. Mrefu alitazama dari.

"Haya," Kinyozi akasema. "Siri za mashemeji."

Polisi hawakuwa tatizo. Jalada la mlinzi walilifunga baada ya wiki mbili. Tatizo lilikuwa Mpelelezi, askari wa zamani aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya mikono yake myepesi kupiga. Alikuwa akichukua kesi zilizowachosha wengine, na kwa wajane hakutoza. Mwaka ule alikuwa amewasaka watu wawili akawapata. Hakuna aliyefika mahakamani. Sasa alikuwa akizunguka na ile saa kwa mafundi saa, mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha bizimu yake iliyounganishwa kwa pini ya shaba, na jioni akiirudisha saa kabatini. Pini hiyo aliitia Fundi kwa mkono wake. Saa yenyewe Mrefu alipewa na mkewe siku ya harusi.

SAA SITA KASORO DAKIKA KUMI

Fundi alipitia karakana yake ya vitasa kuchukua sanduku la vifaa. Dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi anamsubiri, mimba ya miezi saba imemjaa mapajani.

"Kaka, mume wangu halali. Anakaa kitandani kama mgonjwa. Leo mnakwenda wapi?"

"Kazi ndogo tu."

"Kazi ndogo kama ile nyingine?"

Fundi alifunga sanduku. Yeye ndiye aliyemlea huyu tangu mama yao alipofariki, na yeye ndiye aliyepokea mahari yake. Hakuzoea kumdanganya.

"Baada ya leo yamekwisha," alisema. "Nitamrudisha."

"Sema tena."

"Nitamrudisha nyumbani, mdogo wangu."

Jambo ambalo dada hakulijua ni hili. Fundi alikuwa na ugonjwa wake. Kila kitasa alichokifungua, kabla ya kukifunga tena, alikitia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Hakuweza kuacha chuma kikilia. Alianza alipokuwa mwanafunzi wa karakana, na wizi haukumwachisha. Genge lilimcheka: mwizi gani huyu anafanya na matengenezo. Alfajiri ile ya ghala mzigo ulikwisha kutoka, wenzake wamekwisha kupanda gari. Yeye alibaki mlangoni, kichupa mkononi. Mlinzi akamkaba shingo kwa nyuma. Mrefu alirudi mbio na nondo akapiga mara moja tu.

"Twende, shemeji," alisema. Tangu siku hiyo hawakulizungumza.

SAA SITA NA DAKIKA THELATHINI NA TANO

Mpelelezi alitoka kwa wakati wake. Mzee mnene kidogo, koti limempauka mabegani, mkononi mfuko wa matunda. Alivuka barabara, akapita mbele ya gari lao bila kugeuka, akapotelea kwenye kona.

"Mimi nabaki chini," Kinyozi alisema. "Akirudi mapema napiga honi mara mbili."

Walipanda ngazi. Fundi alivaa ovaroli yake na kubeba sanduku. Nani humuuliza fundi anachofanya mlangoni? Mwanamke mmoja alitoka ofisi ya pili akapita akimwambia, "Ukimaliza hapo, njoo na cha choo, kimetushinda." Fundi akaitikia, "Nitakuja, mama."

Akaingiza ufunguo malaya kwenye kitasa, na waya chini yake.

Kitasa kilifunguka kama kilikuwa kikimngoja. Kilikuwa cha zamani, cha chuma kizito, aina ambayo hugoma na kuuma, lakini hiki kilizunguka kama siagi. Fundi alivuta waya akautazama. Ulikuwa unang'aa. Alipitisha kidole, akanusa. Mafuta ya cherehani, mabichi, ya asubuhi hiyo.

Hapo ndipo alipopaswa kusema kitu. Badala yake moyo wake ulifurahi. Miaka yote hiyo, hatimaye mtu mwingine anayejali kitasa chake.

"Vipi?" Mrefu alinong'ona.

"Kizuri," Fundi alisema. "Ingia. Nafunga nyuma yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yao. Mlango wazi humwita mtu, mlango uliofungwa hupitwa. Mrefu aliingia, Fundi akafunga, akapiga magoti mbele ya mlango wa choo, akatandaza vifaa.

SAA SABA KASORO DAKIKA KUMI NA MBILI

Alisikia kalenda ikiguswa. Alisikia kabati likifunguka. Kisha akasikia, mle ndani, mlango mwingine. Ule ambao haukuwepo.

"Kaa chini, kijana," sauti ilisema. "Mikono mezani."

Fundi alifika kwenye kitasa kwa hatua tatu. Aliingiza ufunguo malaya, ukagonga chuma. Akaingiza waya, ukagonga chuma. Mtu alikuwa ametia ufunguo kwa ndani na kuuzungusha nusu. Hila ya kitoto. Kila mama wa nyumbani anaijua, na hakuna fundi duniani anayeishinda kutoka nje.

"Usijisumbue, Fundi." Sauti sasa ilikuwa karibu na mlango, haina haraka. "Sihitaji wawili. Nimezunguka kwenye ghala, kwenye duka la dawa, kwenye bohari la spea. Kote mlikoiba vitasa vilikuwa laini kuliko siku vilipotengenezwa. Mwenye ghala aliniambia tangu aibiwe mlango wake haulii tena. Nikajua natafuta fundi wa kweli. Hiki nimekitia mafuta leo mwenyewe, usipate taabu."

Fundi aligeuza kichwa kuelekea ngazi. Honi haikulia.

"Usimsubiri Kinyozi wako. Ameshaondoka. Juzi alininyoa ndevu, tukaelewana. Yeye shingo yake, mimi mlango wenu. Ila kuna moja hakulijua. Saa inaniambia huyu alikuwepo. Mafuta yananiambia wewe ulikuwepo. Nondo ilishikwa na nani?"

Mbali, mtu alikuwa akipiga chapa.

"Namtaka mmoja tu. Mwingine atakwenda nyumbani, nimeahidi na sivunji. Nawauliza mara moja. Nani?"

Neno lilikuwa moja. Mimi. Fundi alilijua, alikuwa nalo mdomoni. Angelisema, mlango ungefunguka na Mrefu angetoka, angekwenda kwa mkewe, angeshika mtoto wake. Mlinzi yule alikufa kwa sababu ya kichupa cha mafuta, na kichupa kilikuwa mfukoni mwa Fundi. Alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri. Alivuta pumzi, akaitoa. Akavuta ya pili. Ya tatu.

"Fundi?" Mpelelezi alisema.

Ya nne.

"Ni mimi, mzee," Mrefu alisema kule ndani. "Huyo alikuwa anatia mafuta tu." Kikasikika kicheko chake kifupi, kile cha siku ya njaa. Kisha akapaza sauti kidogo, ivuke mbao. "Nenda, shemeji."

Risasi ilikuwa moja.

Fundi alishuka ngazi. Sanduku aliliacha. Chini, mahali gari lilipokuwa limeegeshwa, palikuwa na doa la oili.

JUMAPILI, SAA TATU ASUBUHI

Polisi waliandika kwamba mwizi aliuawa akivunja ofisi. Jalada hilo lilifungwa kabla ya jua kuzama.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, dada yake alimwita uani. Alikuwa ameshika ile saa.

"Ameniletea yule mpelelezi mwenyewe," alisema. "Amekaa pale ulipokaa. Ameniambia yote, hakuficha lake. Nikuulize wewe, kaka. Mlango ulifungwa na nani?"

"Na mimi."

"Anasema aliuliza. Anasema alisubiri. Kweli?"

"Kweli."

"Muda wa kusema ulikuwepo?"

Fundi alitazama pini ya shaba kwenye bizimu. Ilikuwa kazi nzuri, bado inashika.

"Ulikuwepo," alisema.

Dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wakihesabiwa, ni hawa. Mlinzi mmoja. Mume mmoja. Wajane wawili, na siku hizi wanatembeleana. Mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa wiki ya saba baada ya mazishi. Fundi amemwona mara moja, kutoka ng'ambo ya barabara. Kinyozi bado ananyoa. Dada alibadilisha kitasa cha mlango wake, akanunua kwa fundi mwingine, cha bei rahisi, kikavu. Kila asubuhi akikifungua kinalia, na Fundi, akipita kwenda kazini, anakisikia hadi barabarani. Kichupa anacho mfukoni, kimejaa. Hajakifungua tangu Alhamisi ile.