Sifuri ya Ketsia

Tangu shule zifunguliwe baada ya miezi ya kufungiwa majumbani, kila asubuhi Ketsia alivaa barakoa na kupanda treni kutoka mtaani kwao Lidcombe, katika nchi ya ugenini. Jumatano moja yeye na mwanafunzi mwenzake Destin walipewa kazi ya heshima: kuandaa mirija yenye maji na chembe za plastiki, za mviringo na ndogo kuliko vumbi. Saa nne darasa la wadogo lingekuja kuzitazama kwa hadubini.

Maelekezo yalikuwa mafupi: tone moja kutoka chupa ya chembe, matone tisa ya maji, kisha hesabu chembe na uandike idadi.

Ketsia alikuwa na mkono mtulivu. Bibi yake ndiye aliyemfundisha, kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Bibi aliacha ndoo ya maji itulie, kisha akachota juu polepole, bila kuitikisa. Alifariki mwezi wa sita. Walitazama mazishi yake kwenye simu. Ketsia naye alichota maji ya juu kwenye chupa, polepole, kama bibi.

Destin aliinamia hadubini. "Hakuna kitu."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Labda macho yako ni ya bei kubwa kuliko yangu."

Ketsia alitazama. Maji matupu. Zilibaki dakika ishirini.

"Andika arobaini," Destin alinong'ona. "Kundi la Candide limepata arobaini. Nani atahesabu?"

"Wadogo watahesabu."

Ketsia aliandika sifuri kwenye karatasi, akaipeleka kwa Mama Emerance, fundi wa maabara.

"Ulichota vipi, binti yangu?"

Ketsia alieleza yote, hata habari za ndoo ya bibi. Mama Emerance aliinua chupa kwenye mwanga. Chini kulikuwa na utando mweupe.

"Bibi yako alitaka uchafu ubaki chini. Sisi tunazitaka chembe hizohizo zilizo chini. Tikisa kwanza, kisha chota upesi."

Walianza upya. Safari hii chembe zilijaa kwenye kioo, zikitetemeka.

"Thelathini na nane," Ketsia alisema.

"Mbili zimekwenda wapi?"

"Andika thelathini na nane, Destin."

Wadogo walipoingia, walisukumana kuchungulia. Mama Emerance alibandika karatasi ya Ketsia ukutani, sifuri ikiwa palepale.

"Ungeandika arobaini, ningeamini, na hawa wangeona maji matupu," alimwambia. "Sifuri yako ndiyo iliyotuonyesha kosa. Anayeandika alichokiona, huyo nitampa kazi tena. Na huo mkono aliokuachia bibi, utunze."

Ketsia alinyoosha mgongo, akachukua chupa, akaitikisa.