Nukta Iliyopanda Mhezi

Haya yamemkuta rafiki yangu Fortunata, fundi kompyuta wa Hedaru. Hezroni alimletea laptop. "Tangu niweke mfumo mpya, brauza inafungua ramani tu."

Fortunata akaifuta brauza, akaiweka upya, akazima intaneti. Ramani ikafunguka vilevile. Nukta ya buluu ilitoka makaburi ya Hedaru ikipanda polepole njia ya Mhezi, kijiji cha milimani, na kwenye spika ilisikika fimbo ikigonga mawe.

Hezroni akainamisha kichwa. "Hiyo ni fimbo ya marehemu baba. Aliomba azikwe Mhezi, migombani kwa baba yake. Nikaona ni mbali, nikamzika hapa Hedaru. Na nyumba yake ya huko nimeshaiuza."

"Mpare gani humwacha baba yake huku jotoni?" Fortunata akamuuliza.

Hezroni akaondoka, laptop akaiacha.

Siku ya tatu nukta ilifika kwenye nyumba ile. Fimbo ikagonga mlango kutwa nzima.

Leo asubuhi imegeuka. Inashuka kuelekea kwa Hezroni, na fimbo inagonga haraka zaidi.