Pima ya Saba

Jumamosi ile mwalo wa Kirumba ulifurika watu utadhani samaki wanagawiwa bure. Kokushubira Rugemalira alikuja kununua sato wawili tu, akitaka kurudi nyumbani kabla gauni lake jeupe la maua ya bluu halijashika harufu. Alikuwa msichana mrefu, mrefu hasa, na juu ya urefu aliozaliwa nao alikuwa ameongeza viatu vya raizoni. Ukimtafuta katika umati hukuwa na haja ya kuuliza; ulitazama juu tu.

"Dada! Wewe dada mlefu! Njoo utuamue!"

Aliyeita ni Masalu, muuza nyavu na mishipi ya kuvulia, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko yeye. Mbele yake alisimama kijana wa suruali bugaluu ya kaki na shati lililopigwa pasi vizuri, ameshika roli la nailoni.

"Kuna nini, mzee wangu? Shikamoo."

"Marahaba. Huyu kijana ananionea bule. Anataka pima tisa za mshipi. Nikimpimia kwa mikono yangu, hataki."

"Nitatakaje?" kijana akadakia. "Akinyoosha mikono yote miwili hafiki hata mzunguko wa ngoma. Dada, mtazame mwenyewe!"

"Na yeye akipima kwa mikono yake, mimi nifunge biashara. Makasia yale!"

Basi hivyo ndivyo mshipi ulivyouzwa pale: mtu ananyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na hiyo ni pima moja. Ya nani, hapo ndipo ugomvi ulipokaa siku zote. Kokushubira alicheka, akaweka kikapu chini.

"Kwa hiyo mnataka mikono yangu?"

"Ndiyo," kijana alisema. "Mtu mwenye mikono kama hiyo hana sababu ya kuiba."

"Ebo! Unanisifu au unanitukana?"

"Nakuomba."

Akaushika mshipi, akanyoosha mikono. "Moja. Mbili. Tatu." Kijana alikuwa ameshika ncha ya mshipi, na alitakiwa autazame mshipi, lakini macho yake yalikuwa yamekwenda kwingine kabisa. "Nne. Tano. Sita."

"Unaitwa nani?"

Mikono yake ikasimama. "Kokushubira."

"Lo! Jina lenyewe pima nzima."

"Na mdomo wako je, pima ngapi? Nane. Tisa. Haya, kata."

Masalu akakata upesi upesi. Uzi wa pili waliulaza kando ya wa kwanza, wakaukata sawasawa nao, kwa kuwa kijana alitaka nyuzi mbili. Jina lake Ndalahwa, alisema, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambulia pamba, mkazi wa Kiseke.

"Unavua?" Kokushubira aliuliza.

"Hapana. Nataka kurusha ndege. Ndogo, hivi. Kuna klabu."

Kokushubira akauma midomo asicheke. Klabu yenyewe ilikuwa ya baba yake. Akabeba sato wake, akaenda zake bila kusema neno, na hapo ndipo kosa lake la pili lilipoanzia. La kwanza alikuwa ameshalifanya, ila hakujua.

Mzee Rugemalira alikuwa fundi wa uwanja wa ndege, Mhaya wa kola iliyopigwa wanga, na aliporudi kutoka masomoni Ulaya wenzake walileta masuti, yeye akaleta sanduku la injini kumi na mbili, kila moja ukubwa wa kiberiti. Vijana walichonga ndege za mbao laini, wakafunga injini puani. Ndege haikwenda ilikotaka: ilifungwa nyuzi mbili, mrushaji akasimama katikati na kishikio mkononi, nayo ikamzunguka ikilia kama nyuki mkubwa. Warushaji wawili walisimama katikati pamoja, mgongo kwa mgongo, na aliyewahi kumaliza mizunguko hamsini ndiye mshindi.

Kanuni za Daraja la Wanaoanza zilibandikwa ukutani, na Mzee alizisimamia kuliko wengine wanavyosimamia nyumba zao. Injini ibaki kama ilivyotoka sandukuni, asiipige mtu tupa. Pangaboi la mbao, inchi saba, basi. Tangi moja dogo la bati. Mishipi isipungue pima tisa, maana uzi mfupi ni duara dogo, na duara dogo humalizika upesi. "Huku ni kujifunza kurusha, si kujifunza kununua," alizoea kusema. "Mkurugenzi na mfagizi, injini moja!" Atakayedanganya atafungiwa mwaka mzima na jina lake litaandikwa ubaoni. Na mkaguzi haruhusiwi kumsaidia mshindani yeyote kutayarisha vifaa vyake.

Mkaguzi ni nani? Kokushubira. Pima ya klabu ilikuwa mikono yake. Kamba ya katani yenye mafundo tisa waliyopimia mishipi, yeye ndiye aliyeipima. Ndalahwa alipofika klabuni kujiandikisha na kumkuta ameketi mezani na ile kamba, nusura aangushe ndege.

"Wewe!"

"Mimi. Na yale ya mwaloni tafadhali usiyataje," alimnong'oneza. "Nimevunja kanuni ya baba yangu bila kukusudia. Akijua, ataniondoa hapa leo hii."

"Sitataja hata nikichinjwa," Ndalahwa alisema, na kwa bahati mbaya alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Kokushubira alikuwa opereta wa simu pale posta. Toka siku ile, kila saa nne asubuhi, taa ya kiwanda cha pamba iliwaka kwenye ubao wake.

"Namba tafadhali."

"Naomba mtu mwenye mikono mirefu."

"Hapa ni ofisi ya serikali, bwana."

"Basi naomba serikali iniambie, leo ikitoka kazini itapitia njia gani?"

"Itapitia ya mawe, kama kuna mtu atainunulia karanga."

Walitembea jioni kando ya ziwa, katikati ya yale mawe makubwa, yeye na raizoni zake mkononi, Ndalahwa akimweleza jinsi ndege yake inavyokwenda, kasi ajabu, hajui kwa nini. "Nikishika mishipi ile nakuona wewe umenyoosha mikono," alisema siku moja. "Mashindano yakiisha namleta mjomba wangu kwenu. Baba yako atanifukuza?"

"Baba anakupenda. Anasema yule Msukuma ana mkono mwepesi."

"Na binti yake?"

"Binti yake anakula karanga. Usimsumbue."

Jumapili ya mashindano watu walitoka kanisani wakanyoosha moja kwa moja hadi Buswelu, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Kokushubira alivaa kitenge cha njano, nywele amezisuka za uzi zikasimama. Alipima mapangaboi ya watu, alichungulia matangi, alinyoosha mishipi kwenye kamba ya katani. Zamu ya Ndalahwa ikafika. Ndalahwa akamkonyeza. Yeye akajizuia kutabasamu, akaulaza mshipi kwenye kamba, akaufuata kwa kidole fundo baada ya fundo.

Mshipi ukaishia fundo la nane.

Akarudia. Fundo la nane.

"Vipi?" Mzee Rugemalira alikuwa amesimama nyuma yake.

Angesema nini? Kamba ilikuwa inaonekana na kila mtu. "Umepungua pima moja, Baba."

Mzee akamgeukia Ndalahwa, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umesikitika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kijana, mishipi hii alikupimia nani?"

Ndalahwa alimtazama Kokushubira. Kokushubira alitazama chini. Alikuwa akifikiri: nilipima tisa, nina hakika, kwa hiyo ameikata. Ameikata! Na Ndalahwa naye alikuwa akifikiri: alinipimia kwa mikono yake, anajua, na ananyamaza nifungiwe.

"Sina la kusema, Mzee," akajibu. Akaichukua ndege yake, akaondoka uwanjani taratibu, bugaluu ikipigapiga vumbi. Jioni ile jina lake lilikuwa ubaoni.

Siku sita za kazi taa ya kiwanda cha pamba haikuwaka saa nne. Siku ya saba Kokushubira alishindwa, akapiga mwenyewe.

"Kwa nini uliikata?" aliuliza, bila hata salamu.

"Niikate mimi?" Sauti ya Ndalahwa ilikuwa kavu. "Kokushubira, mimi nilidhani unanipigia kuniomba radhi."

"Radhi ya nini? Nilipima tisa!"

"Basi mimi ni mwongo. Kwaheri, opereta."

Simu ikakatwa. Alilia pale pale, visikilizio vikiwa kichwani, machozi yakidondokea kitabu cha kuandikia simu. Taa nyingine ikawaka. Sengerema. Akajikaza.

"Namba tafadhali."

"Mbili, sita—" ilikuwa sauti ya mzee mmoja, anasema kwa nguvu kana kwamba simu haipo na anapaza sauti kuvuka ghuba.

"Jina la mpigaji?"

"Shimba. Nne."

"Namba ya simu ina tarakimu nne, mzee, umetaja tatu tu. Umeruka moja."

"Ni wewe uliyenikatiza!" Mzee Shimba akafoka. "Unaniuliza jina katikati ya hesabu! Jina langu limemeza namba! Mbili, sita, SABA, nne!"

Kokushubira akairudia kichwani ile hesabu ya mwaloni. Sita. Unaitwa nani? Kokushubira. Nane.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu wee! Asante, mzee! Asante sana!"

"Niunganishe basi!" alifoka Shimba.

Saa ya chakula alikuwa ameshafika mwaloni, anahema. Masalu hakumpa hata nafasi ya kumaliza swali.

"Nilisikia," alisema, akikuna kidevu. "Ulipofika sita ukataja jina lako, halafu nane. Nikasema, Masalu, nyamaza, hiyo ni bahati yako, nyuzi mbili, pima mbili. Ningejua ni jambo la watu kuchukiana ningesema. Naapa ningesema." Akainama chini ya sanduku, akavuta roli. "Njoo naye. Mpimie upya. Bule kabisa."

Mwizi mwenye akili angepunguza urefu wa kiganja tu, Kokushubira aliwaza njiani. Nani anakata pima nzima iliyokamilika, aiache ionekane na kila mwenye macho? Angefikiri hivyo siku ile uwanjani, asingelia leo. Lakini siku ile hakuwa na kichwa, alikuwa na hofu tu.

Alimwambia baba yake yote mchana ule ule, wamesimama klabuni mbele ya ubao. Mwalo, mishipi, jina lililomeza saba, hata karanga. Hakuacha kitu.

Mzee Rugemalira alivua miwani, akaifuta. "Na kijana alijua kwamba akikutaja, angeokoka?"

"Alijua, Baba. Nilimwomba asitaje."

"Akanyamaza akafungiwa mwaka mzima." Akavaa miwani. "Kuanzia leo wewe si mkaguzi. Umevunja kanuni, umevunja na hesabu. Nipe kamba." Akaipokea, akachukua kitambaa chenye maji, akalifuta jina la Ndalahwa ubaoni polepole, herufi kwa herufi. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya baba: "Nilikuwa nimekosa usingizi, Koku. Nilishindwa kuamini macho yangu kuhusu yule kijana. Mungu ashukuriwe. Kamwambie arudi."

Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo pumzi ya kwanza ya kweli ilipomtoka Kokushubira kwa wiki nzima. Ya pili ilikuwa bado.

Alimkuta Ndalahwa nje ya geti la kiwanda, zamu imeisha, pamba imemganda nywele kama mzee wa miaka tisini. Alipomwona akageuka aondoke.

"Ndalahwa, swali moja tu. Siku ile mwaloni, nilipofika sita, ulisema nini?"

"Niliuliza jina lako."

"Nami nikajibu nini?"

"Kokushubira."

"Halafu nikasema ngapi?"

Ndalahwa akainua mkono. Alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanza kidogo tumboni kikapanda hadi akashika ukuta wa kiwanda, na Kokushubira akacheka naye huku analia, wafanyakazi wakipita wakiwashangaa.

"Nisamehe," alisema. "Nilidhani umeikata."

"Nami nilidhani umeniuza. Nisamehe, mama. Ni mimi niliyekukatiza. Na baba yako?"

"Nimemwambia yote. Amenifukuza ukaguzi na amelifuta jina lako. Anasema urudi."

Ndalahwa akatua begani mzigo wote wa wiki ile, ulionekana ukitua. "Asante Mungu," alisema tu.

Jumamosi walirudi kwa Masalu, saa ile ile, watu wamejaa vile vile. Safari hii Kokushubira hakuwa mkaguzi wa mtu, kanuni ilimruhusu. Ndalahwa alishika ncha ya mshipi. Masalu alikaa juu ya sanduku lake kama hakimu.

"Moja," Kokushubira akahesabu. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

"Koku," Ndalahwa akasema. "Utakubali nikuoe?"

Masalu akashika kichwa. Mchuuzi wa dagaa aliyekuwa jirani akageuka. Safari hii mikono ya Kokushubira haikusimama. Aliinyoosha yote, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akauvuta mshipi hadi mwisho.

"Saba," alisema. "Nane. Tisa. Kata, mzee Masalu."

Masalu akakata. Kokushubira akaukunja mshipi vizuri, akamkabidhi Ndalahwa mkononi.

"Ndiyo," akamjibu. "Sasa mlete mjomba."